Down ni jina la mtu

Fomu ya chekechea ilirudi nyumbani ndani ya begi la binti yangu, imekunjwa mara nne na kona moja imepakwa uji. Kwenye mstari wa "hali ya afya ya mtoto", mwalimu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: "Yuko down kidogo kiakili."

Sikukasirika. Nilichoka tu. Mtoto ana miaka mitatu na nusu, alizaliwa na hali ya mwili iitwayo Down, na tangu azaliwe nimelisikia neno hili likitumika hivyo kliniki, msibani, kwenye bajaji na jikoni kwangu mwenyewe. Jirani aliwahi kuniuliza, kwa nia njema kabisa, kama akipata dawa "atapanda". Rafiki yangu mwenye duka la kuchapa fulana akatutolea mbili, yangu na ya mtoto, zimeandikwa kifuani "Sio Down, ni Up!" Nilishukuru kwa mikono miwili. Yangu naivaa nikideki.

Maana yenyewe haichukui nafasi. Seli ya binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani vijiuzi vinavyobeba urithi wa wazazi, jozi 23, nusu za mama na nusu za baba. Mwenye Down ana nakala ya tatu ya kromosomu namba 21, nzima au kipande chake, kwa hiyo mara nyingi hesabu yake ni 47. Kwa takriban watu 95 katika kila 100 wenye hali hii, nakala hiyo imo katika kila seli, na imetokana na yai au mbegu kugawanyika visivyo kabla mimba haijatunga. Kwa wachache waliobaki, kipande cha 21 kimeng'ang'ania kromosomu nyingine, au ni baadhi tu ya seli zenye nakala ya ziada. Hutokea kwa mataifa yote, takriban mtoto mmoja katika kila 700 hadi 1,000 wanaozaliwa. Umri wa mama ukisogea, uwezekano huongezeka, ila watoto wengi wenye Down wamezaliwa na mama vijana kwa sababu hao ndio wanaozaa zaidi. Mama hakula kitu, hakulogwa, hakumeza kidonge kibaya. Basi.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo panaponiuma.

Neno la Kiingereza likiingia mtaani kwetu, tunalipa kazi. "Niko down" ni kusema sina raha, au sina hela, na mara nyingi vyote viwili. Mtandao ukikatika wakati unatuma pesa, "mtandao uko down". Mtu aliyezoea kulisikia hivyo, akiambiwa mtoto "ana Down", masikio yake yanafanya hesabu haraka: chini, yaani akili iko chini. Na kwa kuwa mtandao huwa unarudi, naye mtoto anasubiriwa arudi hewani. Hata fulana ya rafiki yangu inakubali hesabu hiyo hiyo, ila imeipindua kichwa chini miguu juu.

Down si chini. Down ni jina la ukoo, kama Mhina au Shekilindi. John Langdon Down alizaliwa mwaka 1828 huko Torpoint, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Akasomea udaktari, na mwaka 1858 akapewa kusimamia Earlswood, kituo kikubwa cha watu wenye ulemavu wa akili katika jimbo la Surrey. Wenzake walimshangaa, kwa kuwa ilikuwa kazi isiyo na sifa. Akapiga marufuku wakazi kuchapwa, akahimiza usafi, akawapiga picha mmoja mmoja wamevaa vizuri, kama watu wanaokwenda studio siku ya Idi. Mwaka 1868 yeye na mkewe Mary wakafungua nyumba yao wenyewe, Normansfield, kule Teddington. Waliamini watu hawa wanafundishika, kwa hiyo wakawajengea hata ukumbi wa maigizo. Ulifunguliwa mwaka 1879 na mpaka leo umesimama.

Lakini simpambi. Mwaka 1866 aliandika makala ya kuwapanga watu wenye ulemavu wa akili kwa sura, akitumia ngazi ya mataifa iliyokuwa ikitumika na wasomi wa Ulaya wakati ule. Kundi moja, lenye uso bapa kidogo na macho yaliyopanda pembeni, akaliita la Wamongolia. Kulikuwa na makundi mengine pia: Wazungu waliofanana, machoni pake, na watu wa Malay, na wengine aliowaweka chini ya "Kiethiopia", neno ambalo enzi hizo lilimaanisha mtu mweusi yeyote. Kwa hiyo sisi nasi tulikuwemo ngazini, ni vile tu jina letu halikunata. La Wamongolia lilinata kwa karibu miaka mia moja. Ajabu ni kwamba mwenyewe alihitimisha kuwa kama ugonjwa unaweza kumfanya mtoto wa Mzungu afanane na mtu wa taifa jingine, basi binadamu wote ni wa asili moja. Hitimisho lake likasahauliwa, tusi likabaki. Na kuhusu chanzo alikosea kabisa, maana alidhani ni kifua kikuu cha wazazi.

Chanzo kilikuja kujulikana baadaye sana. Hadi mwaka 1956 wanasayansi hawakuwa na hakika hata kwamba mtu ana kromosomu 46. Kisha mwaka 1959, Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wakatangaza kuwa watoto hawa wana moja zaidi. Gautier ndiye aliyeotesha seli maabara, na jina lake lilikaa nyuma kwa miaka mingi, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine. Mwaka 1961 wataalamu 19 waliandika barua kwenye jarida la Lancet wakiomba jina la Wamongolia liachwe, wakapendekeza mengine, likiwemo la huyu daktari. Mmoja wa waliotia saini alikuwa Norman Langdon Down, mjukuu wake. Mwaka 1965 Mongolia yenyewe ikaliomba Shirika la Afya Duniani liache kulitumia jina la watu wake hivyo. Nchi nzima iliomba, na bado kwenye kadi ya kwanza ya binti yangu nesi mmoja mtu mzima aliandika "mongol".

Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura waliosomea Kifaransa wamekwepa kikwazo hiki. Wao husema trisomi, yaani mambo ya tatu-tatu, na hakuna anayeuliza kama mtoto atapanda. Hata siku ya dunia iliwekwa tarehe 21 ya mwezi wa 3 kwa hesabu hiyo: nakala tatu za namba 21. Siku hiyo watu huvaa soksi zisizofanana, kwa kuwa kromosomu kwenye picha ya darubini zinafanana na soksi.

Kuna kosa jingine, dogo, ambalo hata mimi nililifanya mwaka wa kwanza: "mtoto wa Down". Kiunganishi hicho cha "wa" kina mambo yake. Mtoto wa Juma ni aliyezaliwa na Juma. Kwa hiyo watoto wa Down ni akina Reginald na Percival, na wote wawili walikuwa madaktari. Ukiniambia binti yangu ni mtoto wa Down, umempa baba Mwingereza aliyefariki mwaka 1896. Tunachotaka kusema ni mtoto mwenye Down. Na historia nayo ina mzaha wake: mwaka 1905, miaka tisa baada ya daktari kufa, Reginald alipata mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, John. Alikuwa na hali ile ile babu yake aliyoiandika. Mjukuu wa Down, mwenye Down. Hapo tu ndipo nakubali maneno yote mawili yakae sentensi moja.

Halafu kuna "ugonjwa wa Down", na wanaosema hivi ni wengi kuliko wote, wakiwemo watangazaji wa redio. Ugonjwa una siku ya kuanza, una dawa au hauna, unaambukiza au hauambukizi, na mgonjwa hupewa pole. Neno ambalo wataalamu hulitumia, sindromu, limetoka Kigiriki, na maana yake ni vitu vinavyokimbia pamoja. Ukiona kimoja, tazama na vingine vilivyo njiani. Kwetu tungesema dalili zinazoandamana. Misuli legevu, ndiyo maana binti yangu alipokuwa mchanga alinimwagikia begani kama kanga iliyolowa. Mstari mmoja kiganjani badala ya miwili, ingawa wapo watu wengi wenye mstari huo wasio na Down. Takriban nusu huzaliwa na hitilafu ya moyo, kwa hiyo kipimo cha moyo ni cha mapema, hata mtoto akionekana mzima na ananyonya. Hitilafu nyingi hurekebishika, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto. Masikio hujaa majimaji. Tezi ya thairoidi shingoni hulegea, hivyo damu hupimwa kila mwaka. Hizi ndizo zinazoweza kuwa ugonjwa, na hutibiwa. Down yenyewe haitibiwi kwa kuwa hakuna kinachouma. Ukimwona binti yangu ana mafua, nipe pole ya mafua.

Shangazi yake husema "mtindio wa ubongo". Nimemweleza mara tatu, na mara zote tatu ameitikia "eeh" akaendelea. Mtindio wa ubongo, hospitalini kwetu, ni jeraha kwenye ubongo unaokua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na huvuruga hasa mwendo na misuli. Usonji, hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, ni jambo jingine tena. Mtoto anaweza kuwa na Down na usonji kwa pamoja, ndiyo, lakini hata mtu anaweza kuwa Mdigo na fundi bomba kwa pamoja, na hatusemi Mdigo maana yake ni bomba.

Neno "taahira" silisemi nyumbani, ila nalihurumia. Lina mzizi mmoja na "ahirisha". Kwa asili lilikuwa linasema kuchelewa tu, bila kumdharau mtu. Waingereza nao walikuwa na neno lao la kuchelewa, likaishia kuwa tusi vilevile. Inaelekea kila lugha ikiokota neno la upole kwa watu hawa, uwanja wa shule unalichukua na kulifanya jiwe. Pengine hata Down itafika huko. Bado haijafika, ndiyo maana nahangaika nayo.

Na kuchelewa ni kweli kupo, sikatai. Alikaza shingo tukiwa tumeshakata tamaa ya kuhesabu wiki. Alitembea akiwa na miaka miwili na miezi mitatu, na hiyo ni kawaida kwa wenzake. Kila asubuhi tulikuwa na mazoezi ya viungo kwenye mkeka, yeye akilia, mimi nikiimba. Maneno anayo kumi na moja. La kwanza lilikuwa "paka", na mama nilisubiri. Anaelewa mengi zaidi ya hayo kumi na moja, na ndiyo hali ya wengi wao: masikio yanatangulia, ulimi unafuata kwa mbali, kwa hiyo katikati tunatumia ishara za mikono. Ukiongea juu yake mbele yake ukidhani hasikii, anakuangalia. Bibi yake humwita malaika, kwamba watoto hawa hawana hasira. Juzi malaika alimng'ata binamu yake kwa ajili ya kikombe.

Mwalimu, fomu nimeirudisha leo asubuhi ndani ya begi lile lile. Neno "yuko" nimelikata kwa mstari mmoja, juu yake nimeandika "ana", na ile d nimeifanya kubwa: "Ana Down." Neno "kidogo" nimelifuta, kwa sababu nakala ya tatu ama ipo ama haipo, na "kiakili" haikuwa na kazi tena. Pembeni nimeongeza akae safu ya mbele kwa ajili ya masikio, na kwenye michezo asibinuliwe kichwa chini, kwa kuwa viungo vya shingo vinaweza kuwa vimelegea. Ule mstari wa "mtoto anapenda nini" mlikuwa mmeuacha wazi. Nimeujaza: anapenda ngoma na kuchota maji, na hapendi soksi, hata zinazofanana.