Je, wajua kwa nini mkono husita kuchana picha ya mtu?

Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alipopewa talaka aliketi mkekani na mkasi, akamtoa mumewe kwenye picha ya harusi. Ilipigwa studio, nyuma yao pazia lililochorwa bahari na mnazi (bahari ya rangi, na ya kweli ipo pale Raskazone!). Alikata taratibu, akifuata ukingo wa koti, shingo, kofia. Bwana akatoka, ila vidole vinne vikabaki begani kwa bibi harusi. Nikamuuliza mbona hivyo kaviacha.

"Mwanangu, ningejikata bega."

Bega la karatasi! Nilicheka, lakini siku hizi sicheki tena.

Mwaka 1997, mtafiti wa ubongo Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani walieleza sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, ambayo huchangamka zaidi mtu anapoona uso kuliko anapoona vitu vingine. Linalonivutia ni jinsi walivyoipata: waliopimwa walilala ndani ya mashine ya kupima ubongo wakaonyeshwa picha tu, hakuna mtu aliyesimama mbele yao. Sehemu hiyo, basi, haingoji nyama na damu. Macho mawili na mdomo vikipangika inavyotakiwa, kazi imeanza, na ndiyo maana hata mbele ya daladala twaona sura imenuna.

Lakini kuutambua uso ni jambo moja, kuuonea huruma ni jingine. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake waliwapa watu vishale wavirushe kwenye picha. Picha ikiwa ya mtu wanayempenda, shabaha ilipungua. Wote walijua ile ni karatasi. Mkono ndio uliokataa kuelewa. Mwaka 2010 Bruce Hood wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na wenzake waliwapa watu mikasi wakate picha za vitu walivyovipenda tangu utotoni, huku ngozi ikipimwa, maana mtu akipata wasiwasi vidole hutoa jasho hata asipolihisi. Wasiwasi ulionekana kuliko walipokata picha za vitu vingine. Na hivyo vilikuwa vitu tu, havina hata macho ya kukutazama.

Rozin alilihusisha jambo hili na fikra ya kale kwamba kinachofanana na mtu kina kitu chake ndani. Huku pwani hilo halihitaji maabara. Mtu akikuomba picha yako bila sababu ya maana, utamuuliza mara mbili anaipeleka wapi.

Mimi naona picha ya kamera inazidi hata mchoro kwa hili. Mchoro hutoka mkononi mwa mchoraji. Picha ya filamu imetokana na mwanga uliogonga uso wa mtu yule, siku ile, ukaingia ndani ya kamera ukaacha alama. Alikuwepo kweli, na mwanga uliomgusa ndio uliochora.

Mwaka jana nilimsaidia shangazi kupanga sanduku lake. Chini ya kanga za kisutu palikuwa na bahasha, nikaifungua. Yule bwana alikuwamo, na koti lake na kofia yake, hakukunjwa wala hakuchanwa, amepungukiwa vidole vinne.