Projekta ya zamani haijafa bana, umeiua wewe

Mtu akikuta projekta ya filamu za milimita 8 (huo ni upana wa filamu) stoo, vumbi limejaa, kitu cha kwanza anachofanya ni kuichomeka kwenye umeme aone kama inawaka, na kitu cha pili ni kuweka filamu ya harusi ya babu na bibi, nakala moja tu duniani. Hizi mashine nyingi wala hazikuchoka kwa kazi, zilikaa tu miaka, afu zikaja kumalizwa na haraka au na ushauri wa mtu aliyesikia kwa mtu. Sasa ngoja nipitie yale ninayoyasikia kila siku.

"Mota inaunguruma ila haizunguki, basi imeungua." Mara nyingi mota iko fiti kabisa, kilichoganda ni grisi. Grisi ikikaa miaka 40 inakuwa kama nta, gia zinashikana. Chomoa umeme, tafuta kile kitufe cha kuzungushia mashine kwa mkono, zungusha taratibu. Ikiwa ngumu usilazimishe, fungua, futa grisi yote ya zamani kwa spiriti, paka mpya. Ikiwa nyepesi lakini bado inaunguruma tu, na mota yako ni ya zile zenye kapasita (kile kifaa cha umeme kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), hapo ndo uitilie shaka kapasita. Ila ukiiacha inaunguruma dakika kadhaa ukisubiri ijishtukie yenyewe utaiunguza kweli, na yule aliyekwambia imeungua atakuwa amesema ukweli kabla ya wakati wake.

Na ile "pulizia WD-40 tu itafunguka". Itafunguka ndio, wiki moja. Ile dawa kazi yake hasa ni kufukuza unyevu na kulegeza kutu, ikishakauka hakuna mafuta ya maana yanayobaki, na ukiwa umepuliza hovyo imeshaingia kwenye mikanda, kwenye magurudumu ya raba, kwenye lenzi, na kwenye filamu yenyewe. Mafuta ya cherehani, tone moja au mawili kwenye bushi, grisi kidogo kwenye gia, basi. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanageuka gundi. Mimi mwenyewe niliwahi kuzidisha matone nikidhani nafanya wema, nikashinda jioni nzima nafuta madoa ya mafuta kwenye filamu futi kwa futi.

Kuna wanaosema vya zamani vyote ni chuma, havivunjiki. Wapi. Projekta nyingi za Bell & Howell za milimita 16 zina gia ya plastiki yenye meno ya kuzunguka kama skrubu, na ile inapasuka kwa umri tu, hata ikae kabatini bila kuguswa. Mikanda ya raba nayo inayeyuka inakuwa lami nyeusi inayoshika vidole hadi kesho yake. Na usiweke zile raba za kufungia makaratasi badala ya mkanda, zinavutika na kuteleza, mwendo unayumba, tafuta mkanda wa saizi yake.

Sasa hili ndo kubwa, "mashine inakula filamu". Watu wanatupa projekta nzima kwa sababu hii, kumbe kabla hujailaumu ulitakiwa uiangalie filamu. Inuse kwanza. Ikitoa harufu ya siki, asetati (ile plastiki ya filamu yenyewe) imeanza kuoza, na filamu ikioza hivyo inanywea na kujikunja, vile vitundu vya pembeni vinasogeleana kidogo tu, ukucha unaovuta filamu unakosa tundu unachana pembeni. Hapo hata ukifunga mashine mpya kabisa itachana vilevile. Angalia na viungo, maana gundi ya zamani inaachia katikati ya safari. Halafu lupu, ile mikunjo miwili ambayo filamu inaachwa imelegea juu na chini ya geti (pale filamu inapopita mbele ya taa), ukiikaza picha inarukaruka na vitundu vinapasuka. Geti lenyewe linajaa uchafu mgumu unaokwangua filamu, lisafishe kwa pamba yenye spiriti na kijiti cha mbao, siyo bisibisi wala kisu, mkwaruzo mmoja pale utachora mstari kwenye kila filamu utakayopitisha. Ukimaliza yote hayo jaribu na kipande cha filamu usichokijali, tena zaidi ya mara moja.

Kosa lingine hapohapo ni kudhani milimita 8 zote ni moja. Ile ya kawaida ilitoka 1932, Super 8 ikaja 1965, upana sawa lakini vitundu vya Super 8 ni vidogo na vimekaa pengine. Kuna projekta zinazopokea zote mbili kwa swichi, lakini kama yako siyo ya hivyo usijaribu bahati. Tundu la katikati la rili litakusaidia, la Super 8 ni kubwa zaidi.

"Filamu za zamani zinalipuka." Hizo ni za nitrati, plastiki ya zamani inayoshika moto haraka, hadithi za kwenye majumba ya sinema. Kodak walipoleta milimita 16 mwaka 1923 waliiweka kwenye asetati makusudi kwa ajili ya nyumbani, na za milimita 8 zikafuata hukohuko. Hazilipuki, ila zinayeyuka: filamu ikikwama mbele ya taa utaona doa la kahawia linachemka katikati ya picha, zima taa haraka.

Taa ya wati nyingi haikupi picha nzuri, inakuunguzia transfoma na filamu. Kama imeandikwa volti 12 wati 100, weka hiyohiyo, na kioo cha halojeni usikishike kwa vidole vitupu, jasho linaacha alama inayopata moto kupita sehemu nyingine, taa inakufa mapema.

La mwisho ni la wanaonunua mashine za nje. Wanasema "nina transfoma ya kushusha volti, tatizo limekwisha". La volti limekwisha, la hezi (mara ngapi umeme unapigapiga kwa sekunde) bado. Mota nyingi za hizi projekta zinafuata hezi, kwa hiyo ya hezi 60 ukiileta kwenye umeme wa hezi 50 inapungua mwendo karibu sehemu moja ya sita, fremu 18 kwa sekunde zinakuwa 15, watu wanatembea kama wako ndani ya maji na sauti inakuwa nzito. Fungua mfuniko wa nyuma uangalie puli ya mota (kigurudumu kinachovuta mkanda), baadhi zina ngazi mbili, unahamisha mkanda tu kwenda ile ngazi kubwa, kazi ya dakika 2.