Je, wajua kwa nini chini ya jukwaa la Opera ya Paris kuna maji?

Swali hili hupenda kujitokeza kwenye chemsha bongo, na jibu ambalo wengi hukimbilia ni kwamba chini ya Palais Garnier, jumba maarufu la opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) la Paris, kuna ziwa. Wengine husema ni mto. Wengine huongeza na mtu mwenye kinyago anayepiga kasia gizani. Maji yapo kweli, tena mengi, na yamekuwapo tangu jumba lilipojengwa. Ila ziwa silo, mto sio, wala hayakuingia kwa bahati mbaya. Yalijazwa makusudi, na aliyeagiza yajazwe ni msanifu yule yule aliyekuwa amehangaika miezi mingi kuyatoa.

Tuanze na sababu ya jumba lenyewe. Jioni ya tarehe 14 Januari 1858, Mfalme Napoleon III na mkewe Eugénie walikuwa wakiwasili kwenye jumba la opera la zamani, lililokuwa mtaa wa Le Peletier. Mwitaliano Felice Orsini na wenzake wakaurushia msafara mabomu matatu. Watu walikufa mtaani, wengi wakajeruhiwa, mfalme akapona. Mtaa ule ulikuwa mwembamba, mahali pa hatari kwa mtu mwenye maadui, hivyo ikaamuliwa lijengwe jumba jipya kwenye uwanja mpana. Yakaitishwa mashindano ya michoro na michoro 171 ikapokelewa. Mwaka 1861 ushindi ukaenda kwa kijana wa miaka 35 ambaye jina lake halikuwa likitajwa sana wakati huo: Charles Garnier.

Kiwanja alichokabidhiwa kilikuwa kimeshachaguliwa, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kusema "nipeni kingine". Mafundi wakaanza kuchimba, na hawakufika mbali kabla ya kukutana na maji ya chini ya ardhi. Ndipo uvumi wa mto ulipopata nguvu. Ni kweli kwamba zamani kulikuwa na kijito kilichoitwa Grange-Batelière upande huo wa mji, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba kinapita chini ya jukwaa. Hakipiti hapo. Kilichomkuta Garnier ni kile kinachomkuta kila mchimba kisima akifika kwenye tabaka lililolowa: udongo wote umeshiba maji, na ukitoa ndoo moja, nyingine inajaa.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kwani ni lazima kuchimba hivyo? Si angejenga juu juu tu? Kwa ukumbi wa kawaida ingewezekana. Kwa opera ya karne ya 19, hapana. Watazamaji wa wakati ule walitaka kuona kasri likigeuka msitu mbele ya macho yao, na mandhari zile zilikuwa vitambaa vikubwa vilivyochorwa na kuwambwa kwenye fremu, virefu kama ghorofa. Nyingine zilipandishwa juu ya jukwaa kwa kamba, nyingine zilishushwa chini nzima nzima bila kukunjwa. Kwa hiyo chini ya sakafu wanayochezea wanenguaji palihitajika ghorofa kadhaa za kushuka, zenye magurudumu ya mbao, kamba na watu wa kuzivuta. Kadiri jukwaa lilivyokuwa kubwa, ndivyo shimo lilivyozidi kuwa refu. Hili, kwa maoni yangu, ndilo linaloshangaza zaidi katika habari nzima, ingawa chemsha bongo hazilitaji: maji yale yako pale kwa sababu ya mapazia.

Garnier akaleta pampu za mvuke. Zilinguruma mchana na usiku, miezi kadhaa mfululizo, ili shimo likauke kiasi cha mafundi kuweza kumwaga zege. Lakini pampu haziwezi kunguruma milele, na siku zikizimwa maji yatarudi mahali pake. Swali likawa hili: yakirudi, yatalifanya nini jengo?

Jibu liko kwenye fizikia ya sekondari. Kila ukishuka mita 1 chini ya usawa wa maji ya ardhini, kila mita 1 ya mraba ya sakafu yako husukumwa kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 1. Ukishuka mita 5, ni tani 5 kwa kila mita ya mraba, na kuta nazo zinabanwa kutoka pembeni. Aliyewahi kufukia tangi tupu la plastiki kwenye kiwanja cha bondeni anaijua habari hii bila kufundishwa: masika yakija, tangi huibuka lenyewe na kuvunja mabomba. Tangi lile lile likiwa limejaa, linatulia.

Garnier alifanya hivyo hivyo, kwa kipimo cha jumba la kifalme. Sehemu ya chini kabisa, chini ya jukwaa, aliijenga kama tangi kubwa lenye kuta maradufu, zege na saruji zikisaidiwa na lami kuzuia maji kupenya. Juu ya tangi akaweka nguzo na matao ya kubeba jengo. Kazi ilipokamilika akaamuru lijazwe maji. Tangu hapo maji ya nje yanasukuma kuingia, ya ndani yanasukuma kutoka, na sakafu iliyo katikati haina wa kuipindua. Uzito wa maji yenyewe nao unasaidia kulikandamiza jengo chini. Ghorofa za juu yake, penye vitambaa na mbao zisizopenda unyevu, zikabaki kavu.

Tangi lile lilikuwa na faida ya pili, na watu wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Majumba ya maonyesho yalikuwa yakiwaka ovyo. Fikiria taa za gesi mamia, mbao kila upande, vitambaa vilivyopakwa rangi vikining'inia juu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Oktoba 1873 lile jumba la Le Peletier lenyewe likateketea. Hadi hapo ujenzi wa jumba jipya ulikuwa ukisuasua: vita na Prussia, dola ya Kijerumani, vya 1870 vilikuwa vimeusimamisha, na Paris ilipozingirwa jengo likageuzwa ghala la chakula. Baada ya moto ule Paris haikuwa na jumba la opera, na serikali ikalazimika kutafuta fedha za kumalizia. Lilifunguliwa tarehe 5 Januari 1875, likiwa na akiba ya maji ya kuzimia moto chini ya miguu ya waimbaji.

Napoleon III hakuliona likifunguliwa. Alipinduliwa mwaka 1870 na kufia uhamishoni Uingereza Januari 1873. Upande wa magharibi wa jengo aliachiwa njia maalumu ya kupandia gari lake la farasi hadi ndani, asije akarushiwa mabomu tena. Hakuitumia hata siku moja, na sehemu ile sasa ni maktaba na makumbusho.

Na yule mwenye kinyago? Huyo ni mhusika wa mwandishi Gaston Leroux, aliyeichapa hadithi yake ya mzuka wa Opera gazetini kuanzia 1909 na kuitoa kama kitabu mwaka 1910. Leroux alikuwa mwanahabari, alijua kuokota jambo la kweli na kulinenepesha. Tangi likawa ziwa lenye mashua. Hata tukio la hadithi hiyo la taa kubwa kuwaangukia watazamaji lina asili yake: tarehe 20 Mei 1896, onyesho likiendelea, moja ya vyuma vizito vya kusawazisha thurea (taa kubwa ya kuning'inia) ya ukumbi ilikatika, ikatoboa dari na kumuua mwanamke mmoja. Thurea yenyewe, yenye uzito wa tani 7 hivi, haikuanguka. Inaning'inia pale hadi leo, chini ya dari aliyoichora Marc Chagall mwaka 1964.

Wapenzi wa mambo madogo madogo wana mengine ya kuongeza. Miaka ya 1980 mfanyakazi mmoja wa jumba hilo alipandisha mzinga wa nyuki juu ya paa, nyuki wakapapenda, asali ikauzwa. Kule chini nako kuna samaki, na wafanyakazi wamekuwa wakiwatupia chakula.

Mtalii anayelipa kiingilio huoneshwa ngazi za marumaru, ukumbi wa viti vyekundu na ukumbi wa kupumzikia uliojaa dhahabu. Tangi haoneshwi. Wanaolifahamu vizuri kuliko wote ni mafundi wa jumba na wazima moto wa Paris, ambao hushuka humo kufanya mazoezi ya kuzamia mahali pasipo na mwanga. Kwa hiyo ukiulizwa tena kama kuna ziwa chini ya Opera ya Paris, jibu linalostahili pointi ni "hapana, kuna tangi", na mwulizaji akibisha, mwulize yeye pampu zilizimwaje bila jengo kuinuka.