ASIC: mashine ya kuchimba bitcoin ni kitu gani hasa?

Juzi kijana mmoja hapa Mwanga, Kigoma, alinionyesha programu kwenye simu yake. Ameambiwa alipie kidogo kidogo, na "mashine" iliyomo humo itamchimbia bitcoin, yaani sarafu ya kidijitali, usiku akiwa amelala. Nimeona nieleze mashine yenyewe ilivyo.

Inaitwa ASIC. Ni chipu iliyoundwa kufanya kazi moja tu. Panga linafyeka, linachanja kuni, linamenya muwa. Mashine ya kukamua mawese haijui kingine ila kukamua, lakini kwa kazi hiyo hakuna panga la kushindana nayo. Kompyuta yako ni panga. ASIC ni mashine ya mawese.

Na kazi yenyewe ni kubahatisha. Bitcoin haina benki ya kutunza daftari, kwa hiyo miamala hukusanywa mafungu mafungu. Mashine huchukua fungu, hulichomekea namba yoyote, kisha hulipitisha kwenye hesabu iitwayo SHA-256. Hutoka namba ndefu ambayo hakuna awezaye kuitabiri. Ikiwa chini ya kiwango kilichowekwa na mtandao, mwenye mashine ndiye anayeliandika fungu hilo daftarini, na analipwa kwa bitcoin. Huko ndiko kuchimba. Isipokuwa hivyo, anabadili namba na kujaribu tena. Njia ya mkato hakuna. Mashine zikiongezeka, mtandao unakaza kiwango, ili mshindi aendelee kupatikana kila dakika 10 hivi.

Ndiyo maana kompyuta zilitupwa nje ya mashindano. Mwaka 2009 ya mezani ilitosha. Zikafuata kadi za michoro, zile za wacheza gemu, na mwaka 2013 ASIC za kwanza zikaingia sokoni. Antminer S9, ASIC ya mwaka 2016, hubahatisha mara trilioni 13 hivi kwa sekunde. S21, iliyokuja baadaye sana, mara trilioni 200.

Hata hivyo, mashine moja ya nyumbani inaweza kukaa miaka bila kushinda. Wachimbaji hujiunga vikundi, kisha kila mmoja hupata mgawo kulingana na kazi ya mashine yake, kama wavuvi wa dagaa wanavyogawana baada ya kuuza.

Sasa umeme, na hapa naomba usome polepole. S21 inakula wati 3,500, sawa na pasi tatu zinazowaka usiku na mchana. Hizo ni uniti 84 kwa siku. Ukinunua luku kwa shilingi 350 hivi kwa uniti, ni zaidi ya 29,000 kila siku, karibu laki tisa kwa mwezi, na bei ya mashine bado hujaigusa. Feni zake zinavuma kiasi kwamba huwezi kulala nayo chumba kimoja. Umeme ukikatika, wewe umesimama na wenzako duniani wanaendelea.

Malipo nayo yanapungua. Kila fungu lilianza kwa bitcoin 50. Hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Mashine ya zamani hufika mahali inakula umeme kuliko inachoingiza, na haina kazi nyingine: hata barua haiwezi kuandika.

Chaja ya simu ya yule kijana inatoa wati 10. Nilimsomea namba hiyo pale pale kwenye chaja, tukailinganisha na 3,500, na nikamwomba asitume tena hela.