Nani hakuugua?

Ninapofundisha afya ya umma katika shule za upili hapa Kisumu, sianzi na kijidudu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atakutajia dalili zote za kipindupindu bila kukosea, kisha jioni arudi mtaani kwake Nyalenda anywe maji ya kisima kilichopakana na choo cha shimo. Anachokosa ni mazoea ya kuhoji: nani ameugua, wapi, na nani amesalimika?

Kwa hiyo nawapeleka London, 1854. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 mtaani Soho. Daktari John Snow alitia alama kwenye ramani kila nyumba iliyofiwa, na alama zikasongamana karibu na pampu ya Broad Street. Wengi huridhika hapo. Mimi huwauliza walionusurika ni akina nani. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa huohuo hawakufa. Nyumba ya kutunzia maskini iliyokuwa jirani ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu. Mabishano huwaka mpaka mmoja aulize walikuwa wakinywa nini. Kumbe kote kuwili kulikuwa na kisima chao! Kisha nawatajia mjane wa Hampstead, mbali kabisa, aliyeipenda ladha ya maji ya pampu ile akawa analetewa. Naye alikufa. Hapo dhana ya wengi wakati ule, kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu, haina pa kusimama.

Nawaambia pia kwamba mpini wa pampu ulipong'olewa ili watu wasichote maji yake, vifo vilikuwa vimeanza kupungua. Snow mwenyewe alikiri hivyo, na vijana wanastahili kuusikia ukweli huo.

Baada ya hapo wanachora mtaa wao: visima, vyoo, mitaro, vibanda vya maji. Choo kinapaswa kuwa angalau mita 30 kutoka kisimani. Wanapima kwa hatua. Majina ya wenye nyumba hayaandikwi, maana choo cha jirani ni sitara yake.

Msichana mmoja alizungushia kisima kimoja duara jekundu, akataka kifungwe. Wenzake wakamkatalia: bomba likikauka, mama zao watachota wapi? Walibishana hadi kengele ikalia, wakakubaliana kisima kibaki cha kufulia na kudekia, na maji ya kunywa yatiwe klorini, yaachwe nusu saa kabla ya kutumiwa. Wiki iliyofuata walikwenda kuzungumza na mwenye kisima, wakiongozana na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo.