Kutenga ardhi hakuzai mji wa magari

Kila kinapokaliwa kikao cha eneo jipya la viwanda, lazima atokee wa kusema, "Wachina walitenga ardhi tu, wakaweka kiwanda, mji wa magari ukajijenga." Kupanga maeneo ya viwanda ndiyo kazi yangu, na kauli hii imenifika kooni. Basi tuichukue Shiyan, mkoani Hubei, mji uliozaliwa kwa amri ya serikali kuliko karibu miji yote ya magari huko. Hata huo haukujengwa hivyo.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa ajili ya malori. Miaka ya 1960 China iliogopa kushambuliwa na Marekani au Urusi ya Kisovieti, ndipo mpango wa Safu ya Tatu ukasukuma viwanda vikubwa bara, milimani. Masharti yalikuwa matatu: kaa karibu na mlima, tawanyika, jifiche. Kiwanda cha Pili cha Magari, ambacho leo ni kampuni ya magari ya Dongfeng, kikaanza kujengwa kwa kasi Shiyan mwaka 1969.

Hilo la kutawanyika ndilo watu wanaliruka, na ndilo lililouumba mji. Kiwanda hakikuwa kimoja. Vilikuwa zaidi ya 20, vikitajwa kwa namba, kila kimoja kimebanwa kwenye bonde lake: huku wanasubu chuma, kule wanafua, kwingine injini, kwingine ekseli, kwingine chesisi. Bloku ya injini ambayo kwenye kiwanda cha kawaida ingesogezwa kwa toroli hadi idara ya pili, hapa ilipakiwa kwenye lori na kuzunguka mlima. Maana yake dizeli, dereva, na akiba ya vipuri kila bonde kwa sababu huna hakika mzigo utafika saa ngapi. Kila bonde likahitaji nyumba zake, zahanati yake, shule yake. Vyote hivyo vimo ndani ya bei ya lori, na vikao vyetu havivihesabu kamwe.

Na watu je? Hawakuokotwa mlimani. Rao Bin, aliyesimamia kujengwa kwa FAW, yaani Kiwanda cha Kwanza cha Magari, kule Changchun kuanzia 1953, ndiye aliyepewa Shiyan, na FAW ikabeba mzigo wa kuandaa sehemu kubwa ya viwanda vile pamoja na kutoa mafundi wake. Walikuja na ujuzi wakalala kwenye vibanda vya mikeka. Pamoja na hayo yote, lori la jeshi la EQ240 lilianza kutoka kwa wingi mwaka 1975, na EQ140 la tani 5, la kiraia, mwaka 1978. Hesabu miaka hiyo, halafu uniambie habari za mji kujijenga.

Amri nayo ilifika mahali ikageuka. Mwaka 1980, fedha zilipokuwa finyu, serikali ilitaka ujenzi usimame. Uongozi wa kiwanda ukaomba kuendelea kwa fedha zake wenyewe, zilizotokana na mauzo. Kwa maoni yangu lori lile la tani 5 limeijenga Shiyan kuliko ramani yoyote.

Mengine nayapitia haraka. Mwaka 2003 makao makuu ya Dongfeng yalihamia Wuhan, mwaka uleule wa ubia na Nissan, lakini malori yaliendelea kuundwa Shiyan. Ardhi tambarare ilipokwisha, vilima vilichongwa ili kupata viwanja. Tangu Desemba 2014 maji ya bwawa la Danjiangkou yanakwenda hadi Beijing, na Shiyan iko kwenye chanzo chake, kwa hiyo viwanda vinavyochafua mito vilibanwa na vingine kufungwa.

Kuna jambo moja linalonisumbua. Kwa kanuni ninazozitumia kila siku, mji uliokaa mbali na bandari na soko, wenye karakana zilizosambaa hivyo, ulipaswa kufifia mara tu wakubwa walipoondoka. Haukufifia. Naanza kushuku kwamba ule umbali, tunaouandika kama hasara, ndio uliowashika mafundi: aliyejua kufua ekseli hakuwa na mwajiri mwingine ng'ambo ya mlima, akabaki, akafundisha wadogo zake na wanawe. Nikiikubali hoja hii, sehemu ya ushauri ninaoutoa kuhusu ukaribu na bandari inabidi niipime upya, na bado sijajua niipime kwa kipimo gani.