Cedar Hill: nyumba iliyobaki na kibanda kilichojengwa upya

Mgeni anayepanda kilima cha Anacostia, mjini Washington, huingia moja kwa moja nyumba kubwa, Cedar Hill. Mimi ningemwomba azunguke nyuma kwanza. Huko kuna kibanda cha mawe, chumba kimoja kisicho na dirisha. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838 akawa kinara wa kupinga utumwa Marekani, alikiita Growlery, yaani mahali pa kungurumia. Alijitenga humo kusoma, kuwaza na kuandika.

Nyumba yenyewe ni ya miaka ya 1850. Mjenzi wake, John Van Hook, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtaa wa Uniontown, ambako watu weusi walikatazwa kununua viwanja. Mwaka 1877 Douglass aliinunua kwa dola 6,700, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1895.

Kusalimika kwa nyumba hiyo hakukuwa bahati. Wosia wa Douglass ulikuwa na mashahidi pungufu, hivyo mahakama haikuutambua kwa upande wa nyumba na ardhi. Mjane wake, Helen Pitts, alikopa fedha akanunua mafungu ya warithi wengine, na mwaka 1900 Bunge likaidhinisha chama cha kuitunza. Alifariki mwaka 1903, deni bado halijaisha. Chama cha kitaifa cha wanawake weusi kilishika mzigo huo mwaka 1916. Serikali iliipokea nyumba mwaka 1962. Kwangu mimi, Helen anastahili kutajwa kabla ya fundi yeyote.

Kibanda hakikupata mlinzi wa namna hiyo. Cha awali kilitoweka. Unachokiona kilijengwa mwaka 1981. Hapa ndipo wengi huchanganya. Kukarabati ni kutibu kilichopo: ubao uliooza unabadilishwa, ulio mzima unaachwa hata kama una makovu. Kujenga upya ni kusimamisha kilichokwisha kutoweka, kwa kufuata picha, maandishi na misingi iliyobaki ardhini. Kazi zote mbili ni halali, lakini ya pili lazima itangazwe wazi, maana jiwe jipya likinyamaziwa humdanganya mtazamaji.

Wapo wanaosema bora uwanja ungeachwa mtupu. Sikubaliani nao. Bila kibanda kile, mgeni angeona sebule ya mtu mashuhuri tu, asijue kwamba mwenyeji alihitaji pia kuta nne za giza ili aweze kufikiri.